Maharagwe na Hadithi ya Wakonyo

Jumatatu, 5 Mei

Muhula umefunguliwa leo na baridi ya Tetu imenipokea langoni. Mimi ni mtoto wa Mitunguu, kule Meru ya chini ambako jua halina mchezo, na ingawa nimefundisha hapa miaka kadhaa bado navaa soksi juu ya soksi. Walimu wenzangu hunicheka. Wacheke tu.

Mwalimu Mkuu ameniita ofisini hata kabla sijanywa chai. Kuna shindano la uandishi la kaunti. Mwaka huu wanataka hadithi ya upelelezi, fumbo la nani alifanya nini, na mambo yote yatokee shuleni. Mwisho wa kupokea kazi ni siku ya mwisho ya Julai.

"Gacheri, mwaka jana tulichekwa," akasema. "Mwaka huu nataka hiyo kikombe iwe hapa juu ya kabati yangu."

Nikasema sawa. Ningesema nini kingine?

Ijumaa, 9 Mei

Mvua tangu asubuhi. Paa la mabati la darasa la Kidato cha Pili lilinishinda sauti, nikawapa zoezi.

Jumanne, 20 Mei

Chama cha Kiswahili kimeniletea hadithi kumi na moja. Tisa ni za karatasi za mtihani zilizoibwa na mwizi ni yule yule, kijana mtoro. Moja ina majini. Ya mwisho ni ya Wakonyo wa Kidato cha Tatu, msichana mrefu anayekaa dirishani na kunijibu kabla sijamaliza swali. Anaishi na nyanya yake juu huko kwenye mashamba ya chai. Nimeisoma nikiwa nimesimama, na chai ikapoa.

Jumatano, 21 Mei

Nimeisoma tena. Nataka kuandika hapa ninachokiona kwa ukweli, maana kwenye karatasi yake nitaandika kwa adabu.

Hadithi inaitwa "Kivuli cha Stoo". Ni shule ya bweni, na chakula kinapotea stoo kidogo kidogo. Wasichana wanalala njaa, wanaanza kushukiana, na mmoja wao anayeitwa Shiru anaamua kumtafuta mwizi.

Uzuri wake kwanza. Sisi ni shule ya kutwa. Wakonyo hajawahi kulala bwenini hata siku moja, lakini bweni lake lina vitanda vinavyolia mtu akigeuka, na lina ule ukimya wa wasichana wanaojifanya wamelala. Tuhuma inatoka kitanda hadi kitanda. Marafiki wawili wanaacha kugawana mkate na hakuna anayesema ni kwa nini. Hapo nilisisimka. Nafundisha taharuki kila mwaka kwa mifano iliyokufa, na huyu mtoto ameileta hai. Na jiko lake! Harufu ya moshi na vitunguu, mpishi mwenye kofia ya sufu iliyofunika masikio, anayeimba nyimbo za kanisa akikoroga githeri ya mahindi na maharagwe. Nilimwona.

Sasa ubovu. Mwizi ni huyo mpishi. Tunajua hivyo ukurasa wa mwisho, Shiru anapomkuta na gunia. Mpishi anasema, "Ni panya wamekula," wasichana wanamcheka, polisi wanakuja, kwisha. Lakini kwa nini aliiba? Hakuna. Hana mke, hana shida, hana kwao. Mwandishi alihitaji mtu wa kubeba gunia akamtwika aliyekuwa karibu na mlango. Shiru naye ana bahati mno. Kila akipita mahali, kuna watu wanaongea siri yao kwa sauti.

Nikijumlisha, yote mengine yananifanya niamini, na mwisho ndio haustahili kuaminiwa. Nikiri pia kwamba nilipofika mwisho huo sikuuliza chochote. Niliuliza baadaye, kalamu ikiwa mkononi.

Ijumaa, 23 Mei

Nimemsifu Wakonyo. Nilimwambia tu "mwisho unaweza kukazwa kidogo," na nikaacha hapo, kwa sababu uso wake ulikuwa umewaka na mimi pia nakitaka kikombe. Mwalimu Mkuu akaamuru hadithi isomwe gwarideni, mbele ya shule nzima. Ikasomwa. Hata Kidato cha Kwanza walinyamaza, watu ambao hawanyamazi kwa sala. Naibu Mwalimu Mkuu, Bwana Mutahi, alipiga makofi mpaka chaki ikamtoka mikononi.

Jumanne, 27 Mei

Nilikwenda jikoni kuomba maji ya moto. Mpishi wetu Kinuthia alikuwa anachagua mawe kwenye mahindi, na kofia yake ya sufu kichwani.

"Madam, nimeskia niko kwa hadithi."

"Ni hadithi tu, Kinuthia."

"Hiyo najua. Lakini huyo mtu ako na kofia kama yangu, na anaimba kama mimi. Jana mama ya watoto ameniuliza niliiba lini na mbona sikuleta nyumbani."

Tulicheka sana. Akanijazia chupa ya maji.

Alhamisi, 12 Juni

Ukungu. Sikuuona mlingoti wa bendera nikiwa langoni.

Jumatatu, 30 Juni

Wanafunzi wamerudi kutoka likizo fupi, na leo ilikuwa siku ya kuleta chakula. Hapa kila mzazi huleta mahindi na maharagwe ya muhula, yanapimwa langoni, yanamiminwa kwenye magunia ya shule, basi. Foleni ilifika barabarani. Mutahi alisimama kwenye mizani na koti lake la mvua, akipiga kelele kama wa mnada. Wazazi wengine wametoka kuvuna, na wenye ndugu kule Kagio waliletewa maharagwe mapya ya huko. Manyunyu hayakukatika. Kila mtu alikuwa na haraka ya kupimiwa na kwenda zake.

Alhamisi, 3 Julai

Maharagwe yameanza kunuka. Kinuthia aliingiza mkono kwenye gunia na kuutoa umelowa, akaenda moja kwa moja kwa Mutahi. Wamekubaliana yamwagwe bwaloni juu ya maturubai, upande ule unaopakana na jiko, maana jua halipo na moto wa kuni ndio jua letu. Tunakula tukiwa tumesimama nje. Kinuthia anayageuza kwa reki asubuhi na jioni akiimba.

Jumanne, 8 Julai

Bado yanageuzwa. Bado baridi. Nimenunua soksi nyingine.

Ijumaa, 11 Julai

Siku mbaya. Niiandike polepole.

Maharagwe yamekauka, na leo yamerudishwa magunia. Yaliyotoka magunia thelathini yamerudi na kujaza ishirini na saba. Mutahi aliyapitia mara mbili. Mimi nilikuwa bwaloni na darasa langu, tulikuwa tumepewa kazi ya kushikilia midomo ya magunia. Mutahi alisimama katikati ya sakafu tupu akamwangalia Kinuthia.

"Magunia matatu yako wapi?"

Kinuthia akasema, bila hata kuacha kukunja turubai, "Yamekauka, mwalimu."

Bwalo zima likaangua kicheko. Sijui ni nani alianza. Mtu nyuma akaongeza, "Ama ni panya!" na wakacheka tena zaidi. Kinuthia aliinua kichwa. Aliangalia huku na huku kama mtu aliyeingia kwenye mazungumzo ya wengine. Kisha akaelewa. Nilimwona akielewa, na akaitoa ile kofia kichwani akaikunja mfukoni.

"Gunia moja ningekubali," Mutahi akasema. "Lakini tatu? Wewe ndiye uko na ufunguo wa bwalo. Wewe ndiye ulisema yamwagwe hapa."

"Yalikuwa na maji, mwalimu. Yamekauka."

"Hata sauti ni ile ile ya hadithi," msichana mmoja akanong'ona karibu nami. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifikiri vivyo hivyo.

Kinuthia ameambiwa akae nyumbani mpaka bodi ya shule ikutane tarehe ishirini na nne. Wakimpata na hatia atafutwa kazi. Mpishi aliyefutwa kwa wizi wa chakula cha watoto hapati jiko lingine Tetu, huo ni ukweli wa wazi.

Jumatatu, 14 Julai

Vijana wanamwita Wakonyo "nabii". Anatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Chumba cha walimu nacho ni hivyo hivyo. "Huyo mtoto aliona mbali," wanasema. Aliona nini? Nikabeba madaftari yangu kwenda darasani.

Jumanne, 15 Julai

Mpishi wa muda ameunguza githeri. Watoto wamekula hivyo hivyo.

Jumatano, 16 Julai

Nimekaa na ile hadithi kwenye meza yangu tangu Ijumaa na leo nimemwita Wakonyo. Tarehe ya shindano inakaribia, kwa hivyo nilijifanya ni kazi ya kawaida ya kusahihisha.

"Sikukwambia yote mwezi wa tano," nikamwambia. "Mpishi wako anaiba kwa nini?"

"Kwa sababu ni mwizi."

"Hilo ni jina, si sababu. Anapeleka wapi chakula? Nani nyumbani ana njaa? Alianza lini? Msomaji akikuuliza utamwambia nini?"

Akaipindua karatasi ya mwisho. Halafu akawaka. "Lakini Mwalimu, si imetokea! Hata hapa kwetu imetokea. Sasa mtu anawezaje kusema haiwezekani?"

"Imetokea nini? Mtu amemwona Kinuthia na gunia?"

"Watu wote wanajua."

"Wanajua kutoka wapi?"

Macho yake yalijaa machozi, ya hasira wala si ya huzuni. Alichukua karatasi zake akatoka bila kuaga, na mlango nao akaufunga kwa nguvu. Sikumfuata. Nilipaswa kumuuliza maswali haya kabla hadithi haijasomwa mbele ya watu mia nne. Nilikuwa nayo mdomoni nikayameza kwa ajili ya kikombe.

Ijumaa, 18 Julai

Wakonyo hanisemeshi. Darasani anaangalia dirisha, na dirishani hakuna kitu ila ukungu.

Jumatatu, 21 Julai

Wakonyo amekuja kabla ya gwaride, viatu vimejaa matope, amekimbia. Aliweka karatasi mezani, zimekatwakatwa kwa kalamu nyekundu.

"Nimejaribu kumpa sababu," akasema. "Nilimpa mke mgonjwa, haikuwa kweli. Nikampa watoto wa kusomesha, lakini Mzee Kinuthia watoto wake wamemaliza. Jumamosi nikaamua kumuuliza cucu, nyanya yangu, kwa sababu wanaenda kanisa moja. Nikamuuliza, cucu, mtu kama Kinuthia anaweza kuiba maharagwe kwa nini?"

"Akasema?"

"Alicheka, Mwalimu. Akasema, kwani aliiba maji?"

Nikamwambia aketi. Akaketi. Aliongea akiangalia magoti yake.

"Maharagwe yetu yalikuwa majimaji. Mimi ndiye nilibeba. Cucu alisema yale makavu tubaki nayo nyumbani, yale ya maji yaende shule, kwa sababu shule wanapima na mizani na ya maji ni mazito. Kidogo tu yanatosha. Na si sisi pekee. Kwenye foleni kila mtu alikuwa anacheka hivyo. Hata kuna mama alikuwa ameyamwagia maji njiani." Akavuta pumzi. "Mzee Kinuthia alisema yamekauka. Alisema mara mbili. Na mimi nilikuwa nimeshika gunia, nikacheka."

Mama yangu Mitunguu huanika maharagwe uani kila mwaka na kila mwaka hununa akiyarudisha guniani. Hakuna mtu Tetu nzima asiyejua kwamba maharagwe mabichi hupungua yakikauka. Mutahi ana shamba. Mwalimu Mkuu ana shamba. Tulikuwa bwalo zima la wakulima na watoto wa wakulima, na mtu mmoja akatuambia jambo tunalolijua tangu utotoni, tukamcheka kwa sababu tulikuwa tumeshasikia hadithi.

Jumanne, 22 Julai

Nimeongea na Mutahi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, kwa miezi hii yote nimemwona kama mtu wa kelele na mizani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga mlango wa ofisi.

"Kijana wangu yuko Kidato cha Kwanza," akasema. "Nilileta debe langu pia. Mama yake alinipa yale mabichi, yale bado laini. Nililipima mwenyewe." Alijifuta uso. "Gacheri, ungeniuliza siku hiyo kama maharagwe hukauka, ningekucheka kwa kuuliza swali la kijinga. Lakini alipofungua mdomo, mimi nilikuwa nimeshamwona na gunia mgongoni. Nilimwona kabisa."

Nimemdhania vibaya huyu mtu. Si mbaya. Aliamini hadithi nzuri, kama mimi.

Alhamisi, 24 Julai

Bodi. Wanachama tisa, wengi wazazi, wote na makoti. Kinuthia aliketishwa kwenye benchi karibu na mlango, amevaa suti ya kanisani. Mwenyekiti akasema habari ni fupi, magunia matatu hayapo, mwenye ufunguo ni huyu.

Mutahi akasimama akaomba Wakonyo aingie. Mwenyekiti hakupenda, lakini Mutahi hakukaa chini. Wakonyo aliingia. Alisema yale aliyoniambia, kwa sauti ndogo, akamtaja cucu wake na kujitaja mwenyewe. Alipomaliza aligeuka kwa wazazi.

"Naomba kuuliza," akasema. "Nani hapa alileta maharagwe makavu?"

Hakuna aliyeinua mkono. Mama mmoja alianza kutafuta kitu kwenye mkoba wake na akaendelea kutafuta. Mzee mmoja alikohoa. Nilisikia mvua ikianza kwenye mabati, na bado hakuna mkono.

Kinuthia ameondolewa lawama, arudi kazini Jumatatu. Lakini Mwenyekiti akasema jambo hili liishie humu ndani. Wazazi wasiaibishwe. Kinuthia akauliza kitu kimoja tu. "Nilichekwa mbele ya watoto. Nitasafishwa wapi?" Wakamwambia watu husahau. Akainamisha kichwa kwa heshima, akatoka.

Ijumaa, 25 Julai

Gwarideni, baada ya matangazo ya kandanda, Wakonyo alipanda jukwaani bila kuitwa. Mwalimu Mkuu alinitazama. Nikatazama mlingoti.

"Mimi ndiye niliandika ile hadithi," akasema. "Sikuwa najua kitu. Nilimchukua Mzee Kinuthia kofia yake na nyimbo zake, nikamwekea wizi ambao si wake. Maharagwe yalikauka. Ni sisi tuliyaleta na maji. Mimi pia." Akashuka.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyecheka. Mwalimu Mkuu amenipa barua ya onyo, nimeiweka kwenye droo. Wakonyo mwenyewe hakuguswa, nahisi kuna mtu alimwombea, na mtu huyo ana koti la mvua.

Jumatatu, 28 Julai

Kinuthia hakuja. Mutahi alikwenda kwake, akaambiwa ametoka.

Alhamisi, 31 Julai

Wakonyo amemaliza hadithi mpya. Chakula kinapungua, wasichana wanashukiana, mtu anafukuzwa, na mwishoni hakuna mwizi. Kuna shule nzima ambayo kila mmoja alifanya jambo dogo.

Uzuri wake ni kwamba mpishi sasa ni mtu. Anachoka, anatania, anakasirika. Kila mtu ana sababu, hata anayekosea. Ubovu wake ni taharuki. Katikati imelegea, na Shiru amekuwa mhubiri kurasa mbili nzima. Msomaji anayetaka kumkamata mtu atakasirika. Safari hii nimemwambia yote, mazuri na mabaya, mpaka akaniomba nipumzike. Alikata mahubiri, akabaki na mwisho wake.

"Tutashinda, Mwalimu?"

"Sidhani."

"Basi itumwe hivyo hivyo," akasema. Nimeituma.

Ijumaa, 1 Agosti

Tumefunga shule. Jiko bado halina mwenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti

Niko njiani kwenda nyumbani Meru. Nilishuka Chaka kwa sababu Mutahi alisikia kwamba Kinuthia amepata kazi huko, kwenye hoteli ndogo ya wachuuzi wa viazi. Nilimkuta nyuma, ameinamia sufuria. Kichwa wazi, hakuna kofia, na hakuwa anaimba.

Alinikaribisha, akanipanguzia kiti, akaniletea sahani bila kuniuliza nataka nini. Nilimwambia shule inamngoja, bodi imesema, Mutahi mwenyewe atamfuata na gari.

"Waambie asante," akasema. "Lakini siwezi, madam. Nikipika pale, siku mtoto mmoja asiposhiba, ataniangalia. Hata asiposema kitu. Na mimi nitajua ameniangalia."

Nikamwambia kuhusu gwaride, kwamba msichana alisimama peke yake mbele ya shule yote. Alikuwa amekwisha sikia. Nikamwambia Wakonyo anaomba kuja kumwona. Ameandika hadithi upya, anataka amsomee, anataka kuomba msamaha kwa mdomo wake, ila anaogopa.

Kinuthia alirudi kwenye sufuria. Alikoroga kwa muda mrefu, akaonja, akaongeza chumvi.

"Mwambie aje," akasema, bado amenipa mgongo. "Hadithi aiache nyumbani. Aje tu na njaa."